Kuwasha Turbini Penye Hewa Nyepesi: Helikopta za Kivu na Programu za Kuiga Urushaji

Uwanja wa ndege wa Kavumu, ulio kilomita zipatazo 30 kaskazini ya Bukavu katika eneo la Kabare, uko kwenye mwinuko wa mita 1,720 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo kila injini inayowashwa hapo huvuta hewa iliyo pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Upungufu huo hauonekani kwa macho, na mkazi wa Kivu Kusini aliyezaliwa humo hausikii kifuani. Kwa rubani wa helikopta yenye turbini, hata hivyo, dakika ya kwanza ya kuwasha injini ndiyo dakika ambayo nchi ya milima humdai haki yake. Turbini ni injini inayovuta hewa, ikaikandamiza, ikaichoma pamoja na mafuta, kisha ikaipeleka gesi ya moto kwenye magurudumu yenye mapezi yanayozunguka kwa kasi kubwa, na kila hatua katika kazi hiyo hutegemea wingi wa hewa iliyoingia. Historia ya namna wanadamu walivyojifunza kuiwasha injini hiyo bila kuiunguza, na ya namna programu za kompyuta zilivyochelewa kuiga kitendo hicho, inaweza kufuatiliwa vizuri kutoka Bukavu, ingawa viwanda na maabara vilivyohusika vilikuwa mbali na Ziwa Kivu.

Ndege ziliingia mashariki ya Kongo zikiwa na injini za pistoni, yaani injini ambazo mafuta huchomwa ndani ya silinda na kusukuma pistoni juu na chini. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta kwenye Ziwa Tanganyika ndege nne za majini za aina ya Short 827, walizokopeshwa na Waingereza, wakazikusanya karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie na kuzitumia kuushambulia mji wa Kigoma uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, Kinshasa ya sasa, kwa safari iliyochukua siku 51, na mwaka 1929 mtu huyo huyo alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika alipokuwa akitafuta njia za usafiri wa anga ndani ya koloni. Bukavu yenyewe, ambayo utawala wa kikoloni uliiita Costermansville hadi miaka ya 1950, ilijua kwa muda mrefu sauti ya pistoni peke yake. Hata vita vilivyoufikia mji huo baada ya uhuru vilipiganwa angani kwa injini za aina hiyo: ndege za T-28 zilizorushwa na Wacuba waliomkimbia Castro zilisaidia kuwarudisha nyuma wapiganaji wa Simba waliouvamia mji Agosti 1964, na ndege za pistoni zilirudi tena juu ya Bukavu mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme walipoushikilia mji kuanzia Agosti hadi Novemba.

Injini ya pistoni huvumilia makosa mengi wakati wa kuwashwa. Ikikataa, fundi hungoja, husukuma mafuta kidogo, hujaribu tena, na aghalabu hasara kubwa ni betri kuchoka. Udhaifu wake uko kwingine: ni nzito kwa nguvu inayotoa, na helikopta, ambayo lazima ijiinue yenyewe bila msaada wa mbawa, huhisi kila kilo. Kwenye nchi iliyoinuka helikopta za kwanza za pistoni ziliweza kubeba mizigo midogo mno, kwa kuwa hewa nyepesi ilipunguza nguvu ya injini na papo hapo ikapunguza uwezo wa rafadha kuu, yaani yale mapanga makubwa ya juu, kuikamata hewa. Kwa eneo lenye Mlima Kahuzi wa mita 3,308, ambalo safari kutoka Bukavu kwenda Bunyakiri au Shabunda hulazimisha kuvuka safu ya Mitumba, kikwazo hicho hakikuwa kidogo.

Suluhisho lilitoka kusini-magharibi ya Ufaransa. Joseph Szydlowski, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyeanzisha kampuni ya Turbomeca mwaka 1938, alishikilia kwamba turbini ndogo zingekuwa na soko lake wakati wahandisi wengi walifikiria turbini kubwa za ndege za kivita. Nchini Marekani helikopta ya Kaman ilikuwa imeruka kwa turbini Desemba 1951, lakini hiyo ilikuwa ya majaribio. Helikopta ya kwanza ya turbini kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Alouette II ya Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955 ikiendeshwa na injini ya Artouste ya Turbomeca, na kabla ya miezi mitatu kupita rubani Jean Boulet alikuwa ameipandisha hadi mita 8,209, rekodi ya dunia kwa helikopta wakati huo. Nchi za milima zilielewa mara moja maana yake. Jeshi la Zaire baadaye lilirusha Alouette III na Puma, zote mbili zikiwa na injini za nyumba hiyo hiyo ya Turbomeca, na helikopta za Oryx na Rooivalk ambazo Afrika Kusini ilizitumia Kivu ya Kaskazini kuanzia muongo wa 2010 zilibeba injini za Makila, uzao wa baadaye wa kiwanda hicho.

Nafuu hiyo ya uzito ilikuja na bei yake, nayo ililipwa wakati wa kuwasha. Injini ya Allison 250, iliyotumika katika Bell 206 JetRanger na kuenea duniani kote tangu miaka ya 1960, inaonyesha jambo hilo kwa uwazi. Rubani huanza kwa kuhakikisha kishikio cha mafuta kimefungwa kabisa, kisha hubonyeza kitufe cha stata, mota ya umeme inayozungusha kompresa, ambayo ndiyo sehemu ya kuvuta na kukandamiza hewa. Katika sekunde hizo za mwanzo hakuna moto. Kuna mlio wa kompresa unaopanda taratibu na mlio mkavu wa plagi ya kuwashia. Kompresa inapofika kati ya asilimia 12 na 15 ya kasi yake kamili, kiwango ambacho hubadilika kulingana na baridi au joto la siku, rubani hufungua mafuta hadi alama ya mwendo mdogo, na moto hushika ndani ya chumba cha mwako. Sindano ya kipimo cha joto la gesi huruka ghafla. Macho ya rubani hubaki hapo, kwa kuwa kikomo cha juu kabisa ni digrii 927 za Selsiasi, na hata chini ya kikomo hicho zipo digrii ambazo zinaruhusiwa kwa sekunde chache tu. Mkono wake haubanduki kwenye kishikio, tayari kukifunga. Kompresa ikifika asilimia 58 hivi, moto huweza kujiendesha wenyewe na stata huachwa. Yote hayo huchukua chini ya dakika moja, na kompresa inayozungumziwa, ikiwa katika kasi yake kamili, huzunguka takriban mara 51,000 kwa dakika.

Hatari iliyo kuu ni ile ambayo marubani huiita kuwasha kwa moto mkali. Mafuta yakiingia wakati hewa haijatosha, labda kwa sababu betri imechoka na stata inazunguka polepole, au upepo unapuliza ndani ya bomba la moshi, au kishikio kilifunguliwa mapema, mwako hukosa hewa ya ziada ya kupoza na joto hupita kikomo kabla mtu hajahesabu hadi tatu. Ipo pia hali ya injini kuwaka na kisha kukwama katika kasi ndogo bila kupanda, huku joto likiendelea kujilimbikiza. Katika hali zote mbili mapezi ya turbini hupata madhara ambayo pengine hayaonekani kwa nje, na injini hulazimika kufunguliwa na kukaguliwa kwa gharama kubwa. Mtu aliyepewa kazi ya kuwasha turbini alikabidhiwa, kwa sekunde 30, chombo ambacho uzembe mdogo ungeweza kukiharibu moja kwa moja, na ndiyo maana taratibu za kuwasha ziliandikwa kwa ukali usio na kifani katika vitabu vya urushaji.

Mapezi hayo yanastahili kutajwa kwa sababu nyingine inayoihusu Kongo moja kwa moja. Chuma cha kawaida hulegea kwenye joto la aina hiyo. Kinachohimili ni mchanganyiko wa nikeli na metali nyingine, ambamo kobalti ina nafasi kubwa, na Kongo imekuwa chanzo kikuu cha kobalti duniani kwa sehemu kubwa ya historia ya turbini. Vita vya mwaka 1978 katika mkoa wa Shaba, vilivyofika Kolwezi, vilipandisha bei ya kobalti kwa kiasi kilichowashtua watengenezaji wa injini na kuwasukuma kutafuta michanganyiko isiyoitegemea sana. Katika maandishi ya historia ya usafiri wa anga Kongo huonekana karibu kila mara kama mahali ndege zilipotua. Ni haki kukumbusha kwamba ilikuwa pia ndani ya injini.

Hewa ya Kavumu huongeza uzito wa kila kitu kilichoelezwa. Kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo kwayo hewa huikandamiza kila sehemu, hushuka katika mwinuko huo hadi kama asilimia 81 ya ile ya pwani, na joto la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Kompresa inayozunguka kwa kasi ile ile hupitisha hewa kidogo, na kama kifaa cha kupima mafuta kingetoa kiasi kilichofaa Mombasa, mchanganyiko ungezidi mafuta na joto lingeruka. Kwa hiyo vifaa vya kupimia mafuta vilitengenezwa vikiwa na namna ya kuhisi kanieneo na kupunguza mafuta vyenyewe, lakini nafasi kati ya joto la kawaida na joto la hatari hubaki finyu, na betri nzima ni jambo la lazima. Ukomo wa mantiki hiyo ulionekana tarehe 21 Juni 1972, Jean Boulet alipoifikisha helikopta ya Lama mita 12,442: alipopunguza nguvu ili ashuke, injini ilizimika na haikuwashika tena, na ilimbidi ateremke njia yote hadi ardhini kwa rafadha iliyozungushwa na upepo wa kushuka kwake.

Turbini zilizozoeleka zaidi masikioni mwa watu wa Bukavu hazikutoka Ufaransa wala Marekani. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda MONUC, ujumbe wake wa kulinda amani Kongo, kwa azimio 1279 la tarehe 30 Novemba 1999, na baada ya Bukavu kutekwa Juni 2004 na askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, azimio 1565 la Oktoba mwaka huo liliongeza idadi ya wanajeshi wake. Katika mkoa ambao barabara za Shabunda hukatika kwa mvua na miinuko ya Minembwe haifikiki kwa gari kwa misimu mizima, helikopta ilikuwa njia ya kufikisha askari, waangalizi, chakula na dawa, na helikopta iliyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ile iliyobuniwa na ofisi ya Mil ya Umoja wa Kisovyeti: Mi-8, pamoja na mdogo wake mwenye nguvu zaidi, Mi-17. Aliyesimama kando ya uwanja aliweza kuzitofautisha kwa rafadha ya mkia, ambayo kwenye Mi-8 ya mwanzo iko upande wa kulia na kwenye Mi-17 upande wa kushoto. Mi-17 hubeba injini mbili za TV3-117, zilizobuniwa Leningrad chini ya Sergei Izotov na kutengenezwa kwa wingi Zaporizhzhia nchini Ukraine, na mbele ya milango ya hewa huwa na vifuniko vya mviringo vya kuchuja vumbi.

Uwashaji wake haufanani na ule wa JetRanger. Wafanyakazi wa ndege huanza na turbini ya tatu, ndogo, iitwayo AI-9V, ambayo huwashwa kwa umeme wa betri na kazi yake ni kutoa hewa ya kandamizo kwa ajili ya stata za injini kubwa. Mlio wake mwembamba hutangulia kila safari. Inapotulia, injini ya kwanza huchaguliwa, kitufe hubonyezwa, mshiko wa mafuta husukumwa mbele, na mitambo ya kujiendesha huongoza hewa na cheche, huku rubani akifuatilia kasi ya kompresa, joto la gesi na kanieneo ya mafuta ya kulainishia. Mapanga matano, yenye upana wa zaidi ya mita 21 kutoka ncha hadi ncha, hujikokota na kuanza kuzunguka. Yasipoanza kuzunguka kabla kompresa haijafika kasi iliyowekwa, uwashaji hukatizwa. Kisha injini ya pili hufuata njia hiyo hiyo, na AI-9V huzimwa. Kwa kuwa hewa ya stata hutoka kwenye turbini ndogo, betri haibebeshwi mzigo wa kuzungusha injini kubwa, na faida hiyo ina uzito mkubwa kwenye viwanja vya mbali visivyo na mtambo wa umeme.

Kuiga urushaji kulianza bila kujali injini. Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda na ogani huko Binghamton, Marekani, alitengeneza mwaka 1929 chombo cha mafunzo kilichoyumbishwa na mivukuto ya ogani, na jeshi la Marekani lilinunua sita mwaka 1934 baada ya marubani wengi kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Swali lililoulizwa wakati huo lilikuwa jinsi ya kumfundisha mtu kuruka ndani ya mawingu bila kuona ardhi. Swali hilo liliendelea kutawala Bruce Artwick alipoleta urushaji kwenye kompyuta ndogo mwishoni mwa miaka ya 1970, na programu yake ilipouzwa kwa jina la Microsoft mwaka 1982. JetRanger iliingia katika toleo lake la Flight Simulator 98, lakini katika programu hizo za nyumbani kuwasha kulikuwa jambo la kubonyeza vitufe viwili vya kibodi, na sindano zilipanda hadi mahali pake pa kawaida. Mtumiaji hakuweza kuiunguza turbini, na kwa hiyo hakuweza kujifunza sababu ya kuiogopa.

Kuchelewa huko kuna maelezo. Mwendo wa ndege angani huweza kukadiriwa kwa milinganyo iliyojulikana tangu zamani, ilhali sekunde za kuwasha ni za mpito: kasi, joto, hewa na mafuta vyote hubadilika pamoja, na takwimu zake ni mali ya watengenezaji wa injini. Programu inayotaka kuwa ya kweli haiwezi kucheza sauti iliyorekodiwa na kusogeza sindano kwa kufuata saa. Inapaswa kukokotoa, mara nyingi kila sekunde, stata inatoa nguvu kiasi gani kwa betri iliyopo, kompresa inapitisha hewa kiasi gani kwa kanieneo ya mahali hapo, mafuta yaliyoingia ni mengi kiasi gani, na joto linalotokana na hayo. Programu ya aina ya kwanza huwasha injini Kavumu na Mombasa kwa namna moja. Ya pili huonyesha tofauti bila kuambiwa.

Hatua kubwa kwa wapenzi wa kompyuta za nyumbani ilifanywa na Eagle Dynamics, kampuni iliyoanzia Moscow, ilipotoa mwaka 2008 programu ya helikopta ya Ka-50, ambayo ilidai mtumiaji afuate utaratibu wote wa kuwasha, swichi baada ya swichi. Ka-50 hutumia injini za jamii ya TV3-117 na huwashwa kwa hewa ya AI-9V. Mwaka 2013 ikafuata Mi-8MTV2, iliyotengenezwa na Belsimtek kwa mfumo huo huo. Hivyo turbini ya helikopta iliyoigwa kwa kina miongoni mwa za kwanza ilikuwa jamii ile ile iliyokuwa ikinguruma Kavumu, na kijana wa Ulaya aliyejifunza kwenye meza yake kungoja AI-9V itulie alikuwa akirudia kazi iliyofanywa asubuhi hizo hizo kando ya Ziwa Kivu. Kompyuta iliyomwezesha, nayo, ilibeba vifaa vya kuhifadhi umeme vilivyotengenezwa kwa tantalamu, metali inayotokana na koltani, madini ambayo Kalehe na Shabunda zinayajua kwa jasho na kwa damu tangu bei yake ilipopanda mwaka 2000.

Uhalisia, ni vyema kusisitiza, si kitu kimoja na ugumu. Microsoft iliporudisha helikopta katika programu yake Novemba 2022, mojawapo ilikuwa Bell 407, ambayo injini yake ni uzao wa Allison 250 chini ya jina la Rolls-Royce, lakini mafuta yake husimamiwa na kompyuta. Katika helikopta halisi ya aina hiyo kompyuta ndiyo hupima joto na kupunguza mafuta, na rubani hubaki mwangalizi aliye tayari kukatiza. Kuwasha kwa urahisi katika programu ni kuiga kweli iliyopo.

Hali ya Kavumu imebadilika sana tangu siku ambazo Mi-8 na Mi-17 zilinguruma hapo. Mwaka 2022 Ukraine ilirudisha nyumbani kikosi chake cha helikopta kilichokuwa Kongo, baada ya kuvamiwa na Urusi. MONUSCO, jina la MONUC tangu Julai 2010, ilimaliza kazi yake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Na tarehe 14 Februari 2025 uwanja wenyewe uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, siku mbili kabla ya Bukavu. Katika programu zinazochora dunia nzima uwanja huo upo bado kwa alama yake ya kimataifa, FZMA, na mtumiaji popote alipo anaweza kuweka helikopta hapo, akapanga joto la asubuhi au la alasiri, na kulinganisha sindano zake na zile za pwani. Kitu ambacho programu nyingi hazijampa ni injini yenye umri. Turbini halisi huwa na daftari lake, ambamo kila kuwashwa huandikwa sambamba na saa za kuruka, kwa sababu kila mara mapezi yanapopashwa moto na kupoa tena sehemu ya maisha yake huondoka, na fundi huamua siku ya kuyatoa kwa kuhesabu mara hizo. Injini ya kompyuta huanza kila safari ikiwa mpya, hata kama iliunguzwa jana yake.